Ini lililokatwa hukua tena, lakini si kwa hizo dawa mnazonunua (uzi mrefu, wenye mgonjwa someni)

KemistiMwembeTayari

Asalaam aleykum, na habari za jioni kwa wote.

Uzi huu umetokana na mfuko mmoja. Mama wa makamo aliingia dukani kwangu, mumewe karudi nyumbani baada ya kukatwa sehemu ya ini kwa sababu ya uvimbe. Akataka nimuuzie "dawa ya kuotesha ini". Nikamuuliza mgonjwa anameza nini kwa sasa, naye akaumimina mfuko juu ya kaunta: Diclofenac za kupewa na jirani, chupa ya shubiri iliyosagwa na asali, kopo la vidonge vya manjano alilotumiwa na shemeji yake kutoka Dubai, na vile vidonge vidogo vya kunenepesha ambavyo kila mtaa unavijua na hakuna anayekiri kuwa ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Za hospitali zilikuwa chini kabisa, pakiti haijapasuliwa.

Sikumuuzia kitu. Tulikaa tukazungumza, na haya ndiyo tuliyozungumza, ila hapa nayarefusha kwa sababu nyinyi mna maswali kumshinda.

La kwanza: ini halioti kama mkia wa mjusi. Kipande kilichotolewa hakirudi, kimekwenda. Kinachotokea ni kwamba sehemu iliyobaki inakua, seli zake zilizo hai na zinazofanya kazi kila siku zinagawanyika, mpaka uzito wa ini ukaribie ule wa awali. Umbo linabaki tofauti maisha yote. Mwaka 1931 Higgins na Anderson, watafiti wawili huko Marekani, waliwakata panya thuluthi mbili za ini, na ndani ya siku 7 hadi 10 uzito ukawa umerudi. Mpaka leo maabara zinatumia upasuaji huo huo. Binadamu ni mwendo wa pole: ukuaji mkubwa uko wiki za mwanzo, halafu kinachobaki kinamalizikia miezi inayofuata.

Sasa ini linajuaje kwamba limekatwa? Hapa ndipo panaponoga.

Damu yote inayotoka matumboni hupita kwenye ini kwanza, kwa mshipa mkubwa unaoitwa mshipa wa porta. Ukiondoa thuluthi mbili za ini, damu ile ile iliyokuwa ikigawanyika kote sasa inajibana kwenye thuluthi moja. Kuta za vijishipa zinahisi ule msukumo, na ndani ya dakika chache kimeng'enya kinachoitwa urokinezi kinaanza kuifungua protini iliyokuwa imelala baina ya seli. Jina lake HGF. Hiyo ndiyo amri kubwa ya kuziambia seli za ini zigawanyike. Wakati huo huo, mabaki ya bakteria yanayotoka utumboni yanaziamsha seli za Kupffer, walinzi wakaazi wa ini, nazo zinatoa kemikali mbili: TNF na intalukini 6. Hizi huiandaa seli ili amri ya HGF ikija iikute tayari. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kuwa panya waliozaliwa bila intalukini 6 ini lao lilishindwa kukua vizuri baada ya kukatwa, na walipodungwa kemikali hiyo likakua.

Shikeni hapo. TNF na intalukini 6 ni kemikali za uvimbe, si ule uvimbe wa kukatwa bali wa mwili kujilinda, zile zile zinazoleta homa na mwili kuwaka. Sisi tumezoea kuuona uvimbe wowote kuwa ni adui, azimwe leo leo. Kwa ini lililokatwa, kiasi fulani cha uvimbe ule ndio mwanzo wa kazi, na ukimwaga dawa za kuuzima kila siku bila kuulizwa, unaweza kuwa unainyamazisha amri yenyewe.

Kwa panya, indomethasini, ambayo ni familia moja na Diclofenac na Brufen, huchelewesha seli za ini kuanza kugawanyika, kwa kuwa inazuia prostaglandini na hizo nazo ni miongoni mwa wajumbe. Kwa binadamu sababu ya kukaa mbali nazo iko karibu zaidi: figo na damu. Ini lililopunguzwa halitengenezi vigandisha damu vya kutosha siku za mwanzo, figo nazo zimetoka kwenye dhoruba ya thieta, halafu wewe unamletea Diclofenac ya jirani.

Karibuni. Wenye ujuzi nirekebisheni.

BintiKibokoni

Shukran kaka, nimesoma mara mbili. Lakini hapo kwa deksamethasoni nimechanganyikiwa. Babangu alidungwa steroidi kabla hawajamkata, daktari mwenyewe alitueleza. Sasa walimharibia?

KisuNaUzi

Dada Kibokoni, hapana. Nafanya kazi upande wa upasuaji hapa kisiwani, niruhusu nijibu.

Dozi moja ya steroidi kabla ya kukata ni jambo linalojulikana na limejaribiwa kwa wagonjwa. Wakati wa upasuaji mara nyingi tunaibana mishipa ya damu ya ini kwa muda ili mgonjwa asivuje, kisha tunaiachia. Damu ikirudi kwa kishindo inaliumiza ini, uvimbe unapanda kupita kiasi. Ile dozi moja inashusha kilele cha uvimbe huo, na siku zinazofuata bilirubini, ile rangi ya manjano inayojaa kwenye damu ini likilemewa, hupanda kidogo kuliko kwa asiyepewa. Kisha dozi imekwisha, haiendelei.

Vidonge vya kunenepesha ni hadithi nyingine. Hivyo mtu anameza asubuhi na jioni kwa wiki. Kwa panya deksamethasoni ya namna hiyo huchelewesha ukuaji wa ini, maana inazizuia seli za Kupffer zisitoe TNF na intalukini 6 aliyoieleza Kemisti. Ongeza sukari kupanda, kidonda kukawia kufunga na maambukizi. Na aliyevimeza muda mrefu kabla ya upasuaji asiviache ghafla kimyakimya, atuambie, maana tezi za juu ya figo zinakuwa zimelala na anaweza kuzimia kwa presha kushuka. Wagonjwa wanatuficha hili kuliko wanavyotuficha pombe.

Shombe_la_Likoni

Kwa hivyo supu ya pweza haioteshi ini? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

KemistiMwembeTayari

Mwambie rafiki pweza ni protini, ale. Hayo mengine anayoyatarajia kwenye supu hiyo hayahusiani na uzi huu.

PanyaWaMaabara

Uzi umenivutia, nimesoma bayolojia Kilifi na panya nimewashika kwa mikono yangu. Niongeze mawili matatu ya maabara, kisha niwaonye.

Hoja kwamba amri inasafiri kwenye damu ilithibitishwa zamani. Mwaka 1967 Moolten na Bucher waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili, mmoja amekatwa ini, mwenzake mzima. Ini la yule mzima nalo likaanza kutengeneza DNA mpya, tayari kugawanyika, na hakuna aliyeligusa. Kabla HGF haijapatikana watu walikuwa tayari wanajua kuna kitu ndani ya damu, wakakitafuta miaka mingi.

Thomas Starzl naye, yule aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu huko Denver mwaka 1963, alihangaika sana na mbwa akitaka kujua damu ya porta ina nini hasa. Ukiihamisha damu hiyo isipite kwenye ini, ini linasinyaa. Jibu moja kubwa lilikuwa insulini. Kongosho linaimwaga insulini kwenye mshipa wa porta moja kwa moja, ini linaipata kabla ya kiungo kingine chochote.

Wengine walio kwenye msururu:

Noradrenalini, ile ya hofu na mshtuko, huifanya seli ya ini iisikie HGF vizuri zaidi na ipuuze kidogo TGF-beta, ambayo ndiyo kemikali ya kusema "basi, imetosha". Panya akipewa prazosini, dawa ya presha inayofunga milango ya noradrenalini, ugawanyikaji unachelewa.

Asidi za nyongo: mwaka 2006 ilionekana kwamba zikirudi kwenye ini kwa wingi zinachochea ukuaji, na panya aliyepewa kolestiramini, dawa inayozinasa utumboni zitoke na choo, ini lake linakua polepole. Mwaka huo huo timu ya Zurich ikaonyesha kuwa chembe za kugandisha damu hubeba serotonini mpaka kwenye ini, na panya wasio na chembe hizo wanachelewa kupona.

Halafu hili ambalo lilinishangaza mimi: panya akipewa glukosi nyingi baada ya kukatwa, ini linakawia. Sukari ya mwili kushuka inaelekea kuwa sehemu ya ujumbe pia.

Onyo: karibu yote haya ni ya panya. Panya wangu ni kijana, hana kisukari, hana homa ya ini B, hajawahi kunywa mnazi. Ini lake lilikuwa zima kabla sijalikata. Msichukue kila sentensi niliyoandika mkaipeleka wadini.

BintiKibokoni

Umenitia wasiwasi ndugu yangu. Baba anameza dawa ya presha kwenye pakiti imeandikwa prazosin. Tumwachishe?

KemistiMwembeTayari

La hasha! Msiguse kitu.

Hili ndilo nililoliogopa nilipofungua uzi. Panya alipewa dozi ya maabara kwa ajili ya kujua njia fulani ya kemikali inafanyaje kazi. Kwa panya huyo huyo ukuaji ulichelewa tu, haukukoma, maana njia ni nyingi na moja ikizibwa nyingine zinachukua nafasi. Babako akiacha dawa presha ikampanda ghafla, atapata kiharusi huku ini lake likiwa linaendelea vizuri kabisa. Mpigieni daktari aliyemkata, mwulizeni kama aendelee na hiyo au abadilishiwe. Ni simu ya dakika tano.

Na wanaotumia dawa za msongo wa mawazo, kwa kuwa serotonini imetajwa: hivyo hivyo, msiache wenyewe.

KisuNaUzi

Nakubaliana. Na kuhusu glukosi: kwa binadamu sukari kushuka baada ya kukatwa ini kubwa ni hatari ya kuua usiku huo huo, kwa sababu ini ndilo ghala la sukari. Kwa hivyo dripu ya sukari tunaweka na kidole tunachoma kila baada ya saa chache. Asije mtu akamng'oa mgonjwa dripu kwa sababu amesoma kuhusu panya.

Kitu kingine tunachokipima na ndugu wa mgonjwa huwa hawakijui ni fosfeti, madini ya kwenye damu. Ini likikua fosfeti ya damu inashuka, siku ya pili ya tatu hivi. Tunairudishia kwa dripu, lakini kushuka kwenyewe kunatupa moyo. Isiposhuka, au ikipanda, tunaanza kuangaliana.

AbuSwafiya

Waaleykum salaam. Mimi nauza dawa za asili, na babu yangu aliziuza kabla yangu. Kila siku mnatupaka matope nyinyi wa makoti meupe. Mwarobaini, shubiri, manjano, habasoda, wazee wetu wamezitumia miaka na miaka na ini zao zilikuwa ini. Hizo kemo zenu za saratani ndizo zinazoua ini, hilo hamlisemi.

KemistiMwembeTayari

Sheikh Abu Swafiya, karibu, na heshima yako ipo. Sijasema dawa za asili zote ni sumu. Dawa nyingi ninazouza mimi zilianzia kwenye majani na magome. Ndiyo maana naziogopa: kama zina nguvu ya kutibu zina nguvu ya kudhuru, na ini ndilo linalozichambua zote.

Chukua manjano. Manjano ya kwenye chakula sina ugomvi nayo. Lakini vidonge vya manjano vya siku hizi vimekolezwa mara nyingi kupita chakula, na vingi vimetiwa kiini cha pilipili manga ili damu ivinyonye vizuri. Marekani kwenye mwaka 2022 walitoa taarifa za wagonjwa waliopata homa ya ini kwa vidonge hivyo, wengine wakalazwa. Shubiri ya kunywa nayo ina taarifa za namna hiyo, na vidonge vya chai ya kijani pia. Si kila anayemeza anaumia, wengi hawaumii. Sasa mpe mtu ambaye ana thuluthi moja tu ya ini na hiyo thuluthi iko katikati ya kugawanyika, halafu macho yakiwa manjano daktari hatajua kama ni upasuaji umekwenda vibaya, ni mshipa wa nyongo umeziba au ni kopo lako. Hapo unakuwa umemfunga daktari macho.

Ombi langu kwako ni dogo: mteja akikwambia ndugu yake amekatwa ini, mwambie asubiri miezi mitatu na apate ruhusa hospitali. Atarudi kwako.

AbuSwafiya

Hilo la kusubiri sina neno nalo. Lakini swali la kemo hujalijibu.

KisuNaUzi

Sheikh ana haki, acha nilijibu mimi, maana ana hoja.

Kemo zinaliumiza ini, kweli, na sisi tunalijua na tunalihesabu. Oksaliplatini, inayotumika sana kwa saratani ya utumbo mkubwa, huumiza vijishipa vidogo vya ndani ya ini mpaka ini linakuwa na rangi ya buluu ukilifungua. Irinotekani hulijaza mafuta na uvimbe, zaidi kwa mtu mnene. Bevasizumabu hufunga VEGF, kemikali ya kuotesha mishipa ya damu, na ini linalokua linahitaji mishipa mipya. Kwa hivyo hiyo tunaisimamisha kama wiki 6 kabla ya kukata, maana inakawia kutoka mwilini.

Hesabu yenyewe iko hivi: mtu mwenye ini zima tunaweza kumwachia hata asilimia 20 ya ini akapona. Aliyepigwa kemo nyingi tunataka ibaki 30 au zaidi. Mwenye ini lililosinyaa kwa makovu, iwe kwa pombe au homa ya ini B, tunataka 40, na wengine hawakatwi kabisa. Ini la makovu limejaa TGF-beta, ile ya kusema "basi". Amri ya kukua inakuja, seli zinaisikia kwa shida.

Hesabu isipotimia kuna mbinu ambayo Wajapani, akiwemo Masatoshi Makuuchi, waliianzisha miaka ya 1980, na naipenda kuliko dawa yoyote. Kabla ya upasuaji, mtaalamu wa eksirei anapitisha sindano ngozini mpaka kwenye mshipa wa porta, anaziba tawi linalokwenda upande wenye uvimbe. Damu yote inakwenda upande wa pili. Yule Kemisti alisema nini kuhusu msukumo wa damu? Ndiyo hiyo hiyo. Upande mzima unaanza kukua, upande mgonjwa unasinyaa, na baada ya wiki nne hivi unapiga skani tena ukaone kama umefika asilimia unazotaka. Hakuna kidonge hata kimoja.

KijanaChangamwe

Mimi naenda moja kwa moja. Muguka je? Na mnazi kidogo wikendi?

KemistiMwembeTayari

Ahsante kwa ukweli wako, wengine wanaulizia inbox.

Pombe: panya waliolishwa pombe kwa muda seli zao za ini zinachelewa kugawanyika baada ya kukatwa. Kwa binadamu hakuna daktari wa ini atakayekuruhusu, mnazi, bia wala chang'aa. Aliyekatwa ini asahau miezi mingi, na mwenye makovu asahau moja kwa moja.

Miraa na muguka: madaktari wa Ulaya wameandika kuhusu wagonjwa, wengi wao Wasomali wa Uingereza, waliopata homa ya ini iliyofungamana na kutafuna miraa, tena nyingine kali. Muguka ni mmea ule ule. Wakati kaunti yetu ya Mombasa ilipotangaza marufuku ya muguka mwaka 2024 watu walibishana habari za biashara na vijana, hakuna aliyetaja ini. Mtu wa upasuaji aache, halafu usisahau kuwa mtafunaji hali chakula, na bila chakula ini halina cha kujijengea.

MzeeWaMajengo

Vijana mnaandika vizuri. Hapo kwa chakula ndipo nilipotaka kuuliza. Marehemu mke wangu alikuwa na maradhi ya ini, tuliambiwa asile nyama, samaki wala maharagwe. Akakonda mpaka nikawa namnyanyua kwa mkono mmoja. Leo nasikia kinyume. Kipi sahihi? Na Ramadhani mtu wa namna hii anafunga?

KisuNaUzi

Pole sana mzee wangu, Mungu amrehemu.

Ushauri ule ulikuwa wa zamani, na ulienea hospitali nyingi duniani, mtu asilaumiwe peke yake. Waliogopa protini itapanda kichwani mgonjwa achanganyikiwe. Siku hizi mwongozo umegeuka: mgonjwa wa ini anahitaji protini zaidi ya mtu mzima wa afya, gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Seli haigawanyiki bila protini. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kama gramu 70 hadi 90. Mayai mawili hayafikishi hata robo. Kwa hivyo samaki mchana, mbaazi au maharagwe, maziwa lala, yai asubuhi, na kitu kidogo kabla ya kulala, kwa sababu ini dogo haliwezi kuweka akiba ya sukari ya usiku mzima.

Kwa sababu hiyo hiyo kufunga miezi ya mwanzo hapana. Mgonjwa ana ruhusa ya dini, mashekhe wanalijua hilo kuliko mimi.

Karanga na mahindi yaliyoota ukungu msile, hata kama mmeyaosha. Sumukuvu haitoki kwa kuosha. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui iliua watu zaidi ya 100, na kwa mwenye homa ya ini B inaongeza sana hatari ya saratani ya ini yenyewe.

MwanaMtwapa

Kakangu alimpa babetu ini, tulikwenda India. Baba anameza takrolimasi, ile ya kuzuia mwili usilikatae ini jipya, na tumeambiwa ni ya maisha. Je hiyo inazuia ini kukua? Na kaka naye alipaswa kumeza kitu?

KisuNaUzi

Kaka hamezi kitu cha kuotesha. Mtoaji wa upande wa kulia anatoa kama asilimia 60 ya ini lake na kilichobaki kinakua chenyewe, akila, akitembea na akikaa mbali na pombe. Hongera zake, si jambo dogo.

Takrolimasi haizuii. Kwa panya inaonekana hata kusaidia kidogo. Inayotuogopesha ni ndugu yake wa mbali, sirolimasi, ambayo kwa asili yake inafunga mTOR, njia ambayo seli huitumia kukua. Ndiyo maana hatuianzishi mara tu baada ya kupandikiza: ini linakawia, kidonda kinakawia, na imehusishwa na kuganda kwa damu kwenye ateri ya ini. Baadaye sana, kwa sababu maalumu, daktari anaweza kumbadilishia. Nyinyi msibadilishe.

PanyaWaMaabara

Mtu hajauliza swali ambalo mimi lilinisumbua chuoni: kama HGF inajulikana tangu 1984, mbona haiuzwi?

Kwa sababu amri ya kugawanyika haichagui. Mlango wa HGF kwenye seli unaitwa Met, na mlango huo huo saratani nyingi zinautumia kukua na kusambaa. Wengi wanaokatwa ini wanakatwa kwa sababu ya saratani. Ukimdunga kichochezi na kuna chembe ya saratani imebaki upande wa pili, unaipa chakula. Homoni ya tezi ya shingo nayo huzifanya seli za ini za panya zigawanyike bila hata kukatwa, lakini ukiimeza ovyo moyo unakwenda mbio. Mpaka sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa kazi ya kuotesha ini. Kwa hivyo anayekuuzia, mwulize ameitoa wapi.

BintiKibokoni

Basi maumivu anameza nini? Diclofenac hapana, Brufen hapana. Nilidhani Panadol ndiyo mbaya kuliko zote kwa ini.

KemistiMwembeTayari

Parasetamoli ndiyo wanayoandikiwa wengi, amini usiamini, ila kwa kipimo cha chini. Mtu mzima wa afya mwisho wake gramu 4 kwa siku. Baada ya kukatwa ini madaktari wengi wanashusha hadi 2, yaani vidonge 4 vya miligramu 500 kwa saa 24, vikigawanywa. Ini huibadilisha sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, na sumu hiyo inazimwa na glutathaioni. Ini dogo na tumbo tupu, glutathaioni ni chache. Fuata kilichoandikwa kwenye karatasi ya hospitali, kama kinatofautiana na changu fuata chao.

Hatari iko kwenye parasetamoli iliyojificha. Dawa nyingi za mafua, za unga wa kukoroga na za kikohozi cha usiku zimo humo humo, na vile vidonge vya kiosk vya kichwa vina parasetamoli na aspirini pamoja. Mgonjwa anameza Panadol ya hospitali, anapata mafua, mjukuu anamletea sacheti ya dukani, na hesabu imepita bila mtu kujua. Geuza pakiti usome nyuma.

KisuNaUzi

Na mpelekeni hospitali usiku huo huo, msingoje kliniki, akionekana na haya: macho kuzidi kuwa manjano, kusinzia mchana au kuongea ovyo, tumbo kujaa maji, homa, kutapika damu au choo cheusi. Sisi siku ya tano baada ya kukata tunaangalia namba mbili kwa pamoja: bilirubini ikiwa juu ya 50 (mikromoli kwa lita) na uwezo wa kugandisha damu uko chini ya asilimia 50, ini limeshindwa kushika kazi na hatari ni kubwa. Waulizeni madaktari wenu namba hizo, mna haki ya kuambiwa.

AbuSwafiya

Nimesoma mpaka mwisho. Manjano ya kwenye pilau basi mmeyaruhusu?

Shombe_la_Likoni

Sheikh, Mpwani gani anatia manjano kwenye pilau?